Ufunguo Nilioupokea kwa Mikono Miwili

Jumapili, Tingi. Kusi inapuliza tangu asubuhi, ile ya mwezi wa saba inayofanya hata sisi watu wa pwani tutafute sweta, na vumbi la barabarani limeniingia mpaka kwenye meno. Nimekaa ndani ya saluni yangu. Mlango uko wazi, hakuna aliyenifungia, na nashindwa kutoka.

Nimesema saluni yangu. Jana asubuhi sikuwa na saluni.

Hapa kijijini hakuna anayejua kama nina blogu, ndiyo maana naandika. Mtu gani huyu, naogopa majirani lakini siogopi intaneti! Basi ninyi wachache mnaosoma, nisikilizeni, maana leo kama sijasema, hata kwa kuandika kwenye simu, nitapasuka.

Ngoja nianze mwanzo. Kwetu mtu akimaliza shule hapokewi siku hiyo hiyo, anasubiri mavuno. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana nikiwa Lindi mjini, nilikokuwa nakaa mtaa wa Rasbura kwa mama mdogo. Baba akanipigia simu akasema nisirudi nyumbani kimya kimya kama mtu aliyefukuzwa. Nibaki huko huko, ufuta ukishauzwa ndipo nitakapopokewa inavyotakiwa, watu wale washibe, washangilie, kijiji kijue kwamba Somoe kamaliza. Nikabaki. Kazi yangu ya Jumamosi, kusuka kwenye saluni ya dada mmoja pale mjini, ikageuka kazi ya kila siku.

Kazi yenyewe niliianza nikiwa kidato cha pili, kichwa changu kipara kwa sheria ya shule. Wateja walinitania wee mpaka wakachoka. "Msusi mwenyewe hana hata unywele, huyu atatusuka nini?" Wakishakaa kwenye kigoda wananyamaza. Nijisifu kidogo, hapa ni kwangu: nina mkono mwepesi, siumizi, na mstari wangu haupindi. Watu walikuwa wakifika wanaulizia yule mwanafunzi mwenye kipara yuko wapi.

Lakini siri yangu ni kwamba sikuwa napenda mitindo. Nilipenda ngozi. Ukimpasua mtu nywele unaona mambo ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuyaona. Niliona mapunye, mba, watu waliobabuka kwa dawa za kulainisha nywele wakaambiwa wavumilie. Kuna mama mmoja nywele zilikuwa zinamtoka miduara miduara, na kila aliyemtazama alimwambia karogwa. Nikaenda kumuuliza mwalimu wetu wa baiolojia, akanieleza kwamba ni ugonjwa tu wa ngozi, na usiku ule nilijua ninachotaka duniani. Nataka kuwa daktari wa ngozi. Nataka yule mama aje kwangu, nimwambie hujarogwa, kaa hapa nikutazame.

Sikumwambia mtu yeyote, hata mama mdogo.

Hilo nilifundishwa na Mama tangu mdogo. Kwetu mimba haitajwi mpaka tumbo lijitaje lenyewe, na anayejenga hasemi anajenga, anasema anapanga-panga matofali. Kitu kizuri ukikitangaza kabla hakijashika, kuna jicho litakuona. Husda, kijicho, ita utakavyo. Nilikuwa nacheka mambo hayo mbele ya wenzangu shuleni, halafu peke yangu nayafuata kama sala.

Kwa hiyo kila nilipokuja likizo, nikiulizwa habari za Lindi, nilisimulia saluni. Nani kasuka nini, bibi harusi gani kachelewa mpaka shehe akaanza kuulizia. Watu walicheka. Baba alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia yake. Nikiulizwa masomo nasema tu yanaenda.

Matokeo yalipotoka nilikuwa na daraja la pili. Baba akapiga simu. "Vipi, mwanangu?" Nikamjibu, "Tunamshukuru Mungu, Baba." Akasema, "Alhamdulillahi. Yote heri." Nikakata simu nikiwa na furaha, nikijua kaelewa.

Jamani! Aliyefeli naye husema anamshukuru Mungu, na huyo ndiye anayesema kwa sauti ile ile ya chini niliyoitumia mimi. Baba akaelewa kwamba shule imenishinda na kwamba namwonea haya. Mimi sikujua. Nimejua jana, mbele ya watu, kipaza sauti kikiwa kinanguruma.

Mwezi uliopita majina ya kidato cha tano yakatoka na mimi nimo. Mchepuo wa sayansi, shule ya wasichana ya bweni, Ruvuma huko kwenye baridi. Niliona kwenye simu nikiwa kazini, nikaenda kujifungia chooni nikaruka ruka kimya kimya mpaka dada akagonga akiuliza kama naumwa tumbo. Kuripoti ni wiki ijayo. Usipofika kwa muda wao nafasi anapewa mwingine, na hapo hakuna wa kumlilia.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Nitasubiri siku ya mapokezi. Watu watakuwa wameshiba pilau, Baba atakuwa amefurahi, nitapiga magoti mbele yake niseme yote mara moja. Likishasemwa mbele ya ukoo mzima, limeshashika, kijicho hakina pa kupenya. Nilijifanyia mazoezi ya maneno yale njia nzima nikija, abiria mwenzangu akidhani nasali.

Basi jana nikafika. Wametandika kanga kuanzia barabarani mpaka mlangoni, na juu ya kanga napita mimi, na viatu vyangu vya kuazima. Shangazi Zainabu, dada yake Baba, aliniwahi njiani kwa kigelegele ambacho nadhani hata kijiji jirani cha Kikole walikisikia. Nilikuwa nimependeza, siongopi. Nywele zangu nilizoziacha zikue tangu nimalize shule dada wa saluni alikuwa amenisuka vizuri sana, na kila mwanamke aliyenikumbatia alizishika. "Hizi kasuka nani? Utanisuka lini?" Nilikuwa nacheka. Sikujua kwamba nimekuja na tangazo la biashara kichwani.

Tukala. Mjomba akashika kipaza sauti. Nikajiweka sawa, nikameza mate. Mjomba akasema, "Kabla mhusika hajatoa neno, baba yake ana jambo."

Wakatuongoza kutoka uani kurudi barabarani, ngoma mbele, mpaka kwenye kibanda kipya kilichofunikwa turubai. Kibanda hicho kijiji kizima kiliambiwa ni banda la kuku. Mimi mwenyewe niliambiwa hivyo kwenye simu, nikasema Baba kafanya vizuri, mayai yana soko. Shangazi anasema yeye alishaanza kuuliza ni kuku gani hao wanaowekewa vigae, Baba akamwambia anyamaze asimwitie macho ya watu. Turubai likavutwa. Maandishi mekundu: SOMOE SALUNI. Pembeni kachorwa mwanamke amesukwa, jicho moja kubwa kuliko lenzake. Ndani kioo kimeenea ukuta mzima, draya, viti, rafu za mafuta, feni. Ufuta wote wa mwaka huu umo humu.

Baba akachukua kipaza sauti. Baba yangu ni mtu wa maneno machache, hata akikugombeza anamaliza mapema. Akasema, "Mwanangu huyu shule aliihangaikia, Mungu hakuandika. Lakini hakukaa bure. Amesuka vichwa vya watu kwenye saluni ya mtu. Kuanzia leo hahangaiki tena, ana chake." Halafu akalia. Mbele ya watu wote wale. Sijawahi kumwona Baba analia, hata Babu alipofariki.

Akaninyooshea ufunguo. Mjomba akapaza sauti, "Piga magoti, Somoe! Mikono miwili!"

Nikapiga magoti. Nikapokea kwa mikono miwili.

Msiokujua kwetu mtasema kwa nini hukusema pale pale. Kwetu kitu ukikipokea kwa magoti, mikono miwili, watu wakapiga vigelegele, umekubali. Wale wote ni mashahidi. Kukikataa baadaye ni kumvua baba yako nguo sokoni. Na kipaza sauti kilipoletwa kwangu, maneno yote niliyoyafanyia mazoezi njiani yaliyeyuka. Nilisema, "Tunamshukuru Mungu." Yale yale tena! Watu wakashangilia, wakanitunza, nikacheza.

Nilicheza, eti.

Nina hasira, nakiri. Nina hasira na vigae, na kile kioo kinachonionyesha uso wangu kila ninapogeuka, na yule mwanamke wa ukutani mwenye jicho kubwa. Nina hasira na Baba kwa kunisikiliza vizuri vile. Kila hadithi ya saluni niliyomchekesha nayo aliichukua, akaiweka, akaijengea ukuta. Ningekuwa na baba mbaya ingekuwa rahisi, ningebeba begi langu nikaondoka. Sasa huyu nitamkimbiaje?

Asubuhi hii ilikuwa ufunguzi. Mama kaja wa kwanza kabisa, anasema mteja wa kwanza lazima awe yeye ili mkono uwe wa heri. Amekaa chini kwenye mkeka, kichwa katikati ya magoti yangu, ananuka moshi wa pilau la jana. Anataka mtindo wa twende kilioni, mistari ya kurudi nyuma tu, yeye si mtu wa makuu. Nikapaka mafuta ya nazi, nikapasua mstari, nikaanza.

Sijui kama ni kwa sababu alikuwa hanioni usoni. Nilipofika nusu ya kichwa nilimwambia yote. Daraja la pili, Ruvuma, wiki ijayo, udaktari wa ngozi, yote, huku mikono inasuka yenyewe. Nikamaliza. Nikasikia pikipiki inapita nje.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Hakuna."

"Mama yako mdogo?"

"Hata yeye."

"Vizuri."

Nikaachia nywele. "Vizuri nini sasa, Mama!" Nilipiga kelele kweli, Mungu anisamehe, sijawahi kumpigia Mama kelele.

Hakugeuka. Akasema polepole, "Mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza. Sikukwambia uninyamazie mimi, Somoe."

Halafu akainuka na kichwa chake nusu, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama wima, akakifunika kwa mtandio. Upande ule ukawa umevimba, ungemwona mahali pengine ungecheka. Akaniambia, "Kaa hapa hapa. Usisuke mtu." Akaenda kumtafuta Baba, aliyekwenda kurudisha viti na masufuria ya kuazima.

Ndiyo nimekaa hapa mpaka sasa. Mchana umeshapita. Wasichana wawili wamechungulia wakauliza kama nimefungua, nikasema bado. Shangazi kapita akanipungia, "Bosi!" Bosi nikapunga. Nimefagia sakafu ambayo haina hata unywele mmoja. Nikisikia hatua nje nasimama, halafu ni mtu tu anapita zake.

Naogopa uso wa Baba kuliko kitu chochote. Akikasirika nitavumilia, hasira yake naijua. Naogopa aseme "haya, nenda" kwa sauti ile aliyosemea "yote heri", na mimi nikae bwenini Ruvuma nikijua kuna mtu Tingi anatazama kioo alichokinunua. Na nisipokwenda je? Nitasuka. Nitaolewa na mtu mzuri tu wa hapa hapa. Nitamwona mama mwingine mwenye miduara kichwani, nami sitakuwa na la kumwambia zaidi ya kumsuka juu yake isionekane. Nikiwaza hivyo hiki kibanda kinakuwa kidogo.

Kuna mtu anakuja. Ni Baba.

*

Naendelea. Magharibi imeshaswaliwa, niko nyumbani, nimevaa sweta na kujifunga mtandio wa Mama kichwani kwa sababu baridi, nyie, baridi!

Baba aliingia peke yake. Nikasimama nikasema shikamoo. Alikwenda mpaka kwenye kioo, akaona vumbi, akalifuta kwa upindo wa shati lake, taratibu, mpaka likaisha. Ndipo akasema marahaba.

"Ni kweli aliyonambia mama yako?"

"Kweli, Baba."

"Mimi ulinambia unamshukuru Mungu."

"Nilikuwa namshukuru kweli, Baba."

Akatikisa kichwa. "Na mimi nikasema banda la kuku," akasema. Akaanza kucheka, kicheko kikamkwama katikati, akakaa kwenye kiti cha wateja akajishika kichwa. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nilimwambia anisamehe, nikamwambia sitakwenda, nitabaki, nitasuka, maneno yalikuwa yananitoka tu bila mpango. Akaninyooshea kiganja ninyamaze.

Akauliza, "Huko shuleni kwenu wanapokea wenye nywele?"

Nikasema hapana, lazima kipara.

Akaingiza mkono mfuko wa shati akatoa wembe mpya, bado uko kwenye karatasi yake. Alikuwa amepita dukani kuununua kabla hajaja kwangu. Niliutazama ule wembe, na ndipo nikalia kwa sauti, kwikwi mpaka nikakaa chini mwenyewe.

Baba ndiye aliyekuwa ananinyoa nilipokuwa shule ya msingi. Kila shule ikifungua alikuwa anapindua kinu uani, nakaa juu yake, anapaka sabuni, anasema "inama", na ole wako utikisike. Siku ya kuamkia safari yangu ya kwanza ya Lindi alininyoa hivyo hivyo, hakusema neno lingine zaidi ya inama.

Leo ilibidi kwanza anifumue. Baba kufumua hajui kabisa, anavuta kama anang'oa muhogo. Mama akaja na kichwa chake nusu, akamwambia Baba atamuulia mtoto, akakaa upande wa pili, wakanifumua wote wawili, hawasemezani, mmoja huku na mwingine huku. Halafu sabuni, halafu akasema inama. Nikainama. Nywele za kwanza kuanguka kwenye vile vigae zikawa zangu.

Katikati ya kazi Shangazi Zainabu akachungulia mlangoni. Kuona kichwa changu kimenyolewa upande, na Mama nywele zimemsimama, akashika mdomo. "Yarabi! Tumefiwa?"

Mama akafungua mdomo, nikajua anataka kudanganya kwamba ni chawa. Baba akamtangulia. Akasimama na wembe mkononi, akatoka mpaka pale nje, barabarani, palipokuwa na watu wa bodaboda na wanawake wanaotoka kisimani, na akasema kwa sauti ambayo hata jana kwenye kipaza sauti hakuitoa:

"Somoe amefaulu! Anakwenda kidato cha tano! Anataka udaktari!"

"Punguza sauti, baba Somoe," Mama akasema kutoka ndani. "Watu."

"Wasikie," Baba akasema.

Akarudi akaniambia inama, akamalizia upande uliobaki.

Tulipokuwa tunafunga nilitaka kumrudishia ufunguo. Nilimpa kwa mikono miwili. Hakuupokea. Alisema niliupokea mbele ya watu, kwa hiyo ni wangu, na likizo zipo. Sijui kama ananiachia au ananishika. Labda hata yeye hajui. Nimeuning'iniza shingoni kwa kamba, ni mzito kuliko unavyoonekana, na nadhani nitakwenda nao Ruvuma ukinigonga kifuani kila ninapopiga hatua. Sijaamua kama nauchukia.

Mama kaniita sasa hivi, anauliza atalalaje na kichwa hiki. Nimemwambia avumilie mpaka asubuhi.

Kesho nitafungua, nimalizie kichwa cha Mama, halafu nitafunga mwenyewe.